Kitambaa cha Njano cha Emil Kosko: Risala ya Waamuzi wa Bonde la Millvane

Mgeni rasmi, Bi. Marguerite Tolliver, Mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni ya Ligi. Mkuu wa Zimamoto uliyetuazima ukumbi huu. Bwana Clyde Overholt, meneja mkuu wa timu yetu ya Wachimba Makaa. Wake na waume zetu mnaotukosa kila Jumapili. Mabibi na mabwana:

Sisi, Waamuzi wa Mpira wa Kimarekani wa Bonde la Millvane, Pennsylvania, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tuwie radhi ukituona tunashtuka kila mkipiga makofi. Sisi tumezoea kuzomewa. Lakini leo tumeshinda, Mheshimiwa, na tumekuja kujivuna kidogo.

HISTORIA YETU

Chama hiki kilianzishwa na babu zetu, waliokuwa wakitoka zamu ya kiwanda cha chuma na kwenda moja kwa moja kuchezesha mechi za shule, masizi bado yako usoni. Leo baadhi yetu tumefika hadi Ligi kuu. Tuna desturi moja ambayo hatujaiona kwingine. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi tunakula pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, na kabichi, kisha kila mmoja anaonyesha ukutani picha ya video ya kosa lake mwenyewe. Ni mwiko kuonyesha la mwenzako. Aliyeboronga kuliko wote ndiye anayeosha vyombo, na hapa hakuna ambaye hajaosha.

KILICHOTUPATA

Nusu fainali ya mwaka juzi unaijua, lakini turuhusu tuisimulie kama tulivyoiona sisi. Wachimba Makaa walikuwa mbele, muda unayoyoma. Beki wao akamwangusha mrushaji mpira wa wapinzani, na mchezo ungeishia pale. Mwenzetu Emil Kosko, mzaliwa wa mtaa wa nyuma ya ukumbi huu, aliona kichwa cha mrushaji kimezunguka. Akaamini ameshikwa wavu wa kofia unaokinga uso, kosa linaloweza kumvunja mtu shingo, akarusha kitambaa chake cha njano, ishara yetu ya kosa. Mara picha ikatokea kwenye skrini kubwa ya uwanja: mkono wa beki ulikuwa begani, si kwenye wavu. Uwanja mzima uliona. Emil naye aliona.

Akamkimbilia mwamuzi mkuu.

"Bosi, nimechemsha. Mkono ulikuwa begani. Acha nikiokote."

"Umejuaje?"

"Si nimeona pale juu!"

"Basi ndiyo hivyo, kaka. Kosa la namna hii kanuni hairuhusu likaguliwe kwa marudio ya video. Ulichokiona kwenye skrini hesabu hukukiona. Kiache hapohapo."

Kikaachwa. Wapinzani wakapewa yadi zao za adhabu, wakasogea mbele, wakafunga, msimu wetu ukaisha.

Kesho yake bustani ya mbele ya nyumba ya Emil ilikuwa imefunikwa matambara ya njano. Kinyozi wake alimnyoa upande mmoja, akaweka mkasi chini. "Subiri, mzee, niangalie marudio kwanza." Watu wakacheka, Emil naye akacheka, lakini upande wa pili alimalizia mkewe, Darlene, jikoni. Ligi ikamwondoa kwenye orodha ya waamuzi wake. Mheshimiwa, kuzomewa hakukutuuma. Kilichotuuma ni mtu kujua amekosea, kutaka kurekebisha, na kukatazwa.

MAFANIKIO

Ijumaa iliyofuata hatukumtarajia. Akaja. Akaiweka picha ukutani kwa mkono wake, akaitazama hadi mwisho pamoja nasi, kisha akaanza kukunja mikono ya shati kuelekea kwenye sinki. Hapo katibu wetu, Rosetta Quarles, huyu anayekusomea, akamkatiza: "Emil, rudi ukae. Sufuria za leo ni za aliyeandika kanuni."

Kabla kahawa haijapoa, pendekezo lilikuwa limeandikwa: kitambaa kikirushwa kwa kosa kama lile, na picha zikaonyesha wazi kwamba kosa halikutendeka, chumba cha marudio kimwambie mwamuzi akiokote.

Pendekezo lilihitaji timu ya kulipeleka Ligi. Tukaona hakuna wa kumwendea zaidi ya yule tuliyemuumiza. Bwana Overholt alitusimamisha mlangoni.

"Mmekuja na miwani, au ndiyo vilevile?"

"Vilevile, mzee," Rosetta akajibu. "Ndiyo maana tunaomba picha."

Alicheka hadi akatafuta kiti. Alipomaliza kucheka, akasaini.

Mwaka wa kwanza, Mheshimiwa, kamati yako ililitupa. Maneno yako ya kwenye televisheni bado tunayo: "Tukianza haya, mechi itakuwa ndefu kuliko harusi." Hatukununa. Tuliomba lijaribiwe kwenye mechi za maandalizi, na ikaonekana picha inakata shauri kabla makocha hawajamaliza kufoka. Machi hii wamiliki wa timu wakapiga kura, likapita! Tumeambiwa wewe ndiye uliyesimama kulitetea, ukasema mbele ya wote kwamba mwaka jana ulikosea. Kwa hilo umekuwa mwenzetu, na tunakupenda kwa dhati.

Siku ile king'ora cha zimamoto kililia Millvane nzima bila moto wowote. Mkuu wetu bado anashikilia kwamba ilikuwa majaribio. Kinyozi alifika kwa Emil na mkasi mkononi. "Toka nje bwana, nikumalizie ule upande."

CHANGAMOTO

Kanuni mpya haiangalii nyuma. Inamlinda atakayekosea kesho, na tunafurahi kwa ajili yake. Lakini Emil Kosko bado hayumo kwenye orodha. Jumamosi anachezesha watoto wa shule ya msingi, anawakimbilia kana kwamba ni fainali, na akikosea anawaambia.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi, yakiwemo makoti ya baridi. Wanachama wameyafuta yote isipokuwa moja.

Msimu utafunguliwa Septemba katika uwanja wa Wachimba Makaa, na waamuzi wa siku hiyo hawajatangazwa. Tunajua si wewe unayewapanga. Tunajua pia kwamba ukisema, unasikilizwa. Bwana Overholt ametutuma tukufikishie haya: "Nileteeni Kosko. Huyo akiharibu, angalau ataniambia."

Mheshimiwa, kitambaa tunachokiweka sasa sakafuni, mbele ya miguu yako, ndicho kilekile. Emil alimwambia Darlene kwamba amekitupa. Darlene alikikuta nyuma ya mashine ya kufulia, akatuletea bila kukifua. Kilirushwa kimakosa, picha zimeonyesha, na kanuni uliyoitetea inasema kiokotwe. Tunakuomba ukiokote.

Emil, kaa chini. Wewe ulishajaribu kukiokota.

Mungu akubariki, Bi. Tolliver, akujalie safari njema na moyo huohuo wa kutazama mara ya pili. Aibariki Millvane, awabariki Wachimba Makaa, na awasamehe wanaotuzomea, maana tutaonana nao Septemba.

Ni sisi,
Waamuzi wa Mpira wa Kimarekani wa Bonde la Millvane,
wote, akiwemo Emil Kosko.