Hatua Ishirini Kutoka Benchini

Benchi lenyewe ni mbao mbili tu mbele ya duka la cherehani. Mwisho wa kushoto ni pa Sindano, fundi mwenye duka, maana kutoka hapo anauona mlango wa ng'ambo ya barabara. Ni mlango wa chumba cha kusomea cha mdogo wake wa kike, kilichofungwa kwa miaka mitatu. Leo asubuhi kimefunguliwa. Sindano, tusifichane, moyo ulimruka akidhani ni yeye karudi. Kumbe ni mtu mwingine na ufagio.

— Kimekodiwa na shirika, alisema Redio, kinyozi wa mlango wa pili. — Lisilo la faida. Wanafundisha bure, vitabu bure, kompyuta bure. Kila mtu asome, aandike, asahihishe.

— Bure? Kamusi, mwalimu mstaafu, alishusha kikombe cha kahawa. — Wao wanapata nini?

— Macho.

— Macho gani tena?

— Ukikaa mbele ya ile kompyuta inakupima macho. Vipimo vinapelekwa kiwanda cha miwani. Mwakani mtaa mzima tunavaa miwani.

— Nani kakwambia?

— Mteja. Na nilikuwa namnyoa ndevu. Mtu mwenye wembe shingoni anaanzaje kudanganya?

Kamusi akalipima hilo, akaliona lina uzito.

— Mimi hofu yangu ni nyingine, alisema. — Miaka yote hii watu wanakuja kuniuliza mimi. Wakijua kutafuta wenyewe, nani atakuja kukaa na mimi hapa?

Mawazo ya Sindano yalikuwa mbali. Zamani, jioni, watoto walisoma kwa sauti kule ng'ambo, naye akikanyaga cherehani huku akiwasikiliza. Sauti ya mdogo wake ikiwarekebisha, taratibu, bila kumkaripia mtu. Amemkumbuka mno. Siku hizi wanatumiana salamu tu, tena fupi.

— Angekuwepo mdogo wangu, angewapokea vizuri hawa.

— Si ule ujumbe ndio uliomwondoa? alisema Redio. — Kwamba vitabu vyake vina dawa ya kupumbaza watoto.

— Haikuwa dawa, ni wino, alisema Kamusi. — Mtoto akilamba kidole kufunua ukurasa, basi.

— Mimi niliambiwa hata harufu yake tu inatosha, alisema Redio.

— Wewe si ndiye uliyenitumia ujumbe wenyewe?

— Nilitumiwa, nikasukuma. Kama kawaida yetu.

Na kweli ndiyo kawaida ya benchi lile: ujumbe ukiingia kwenye simu, unasukumwa kwa watu kumi kabla kahawa haijapoa. Sindano naye aliusukuma siku ile. Bibi harusi alikuwa anasubiri gauni, kwa hiyo hakuusoma hadi mwisho, palipotajwa kile chumba. Mmoja wa wale kumi alikuwa mdogo wake. Wiki iliyofuata mlango ulifungwa.

Yule dada wa ufagio alivuka barabara, vumbi hadi kwenye nyusi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba. Eti mnafundisha nini hapo?

— Kutafuta habari, na kuichunguza kabla ya kuiamini. Nataka kuanza na jumbe mlizowahi kupokea wenyewe.

Wee, alikuwa kawapa nafasi. Redio akamsimulia kisa chote, Kamusi akikazia, dawa ikawa wino, wino ukawa harufu. Dada alisikiliza hadi mwisho.

— Na mwenyewe alisemaje?

— Mwenyewe nani?

— Mwenye chumba. Alikuwa hapo tu, hatua ishirini. Nani alivuka akamuuliza?

Redio alichungulia kikombe chake. Kamusi alianza kufuta miwani yake. Muuza kahawa wa pale benchini aliinamisha birika kwenye kikombe cha Sindano, likatoa matone mawili, kahawa ikaisha.

Sindano alitoa simu. Safari hii hakuandika, alipiga. Iliita hadi akakaribia kukata.

— Kaka? Kuna msiba?

— Hakuna msiba. Nilikuwa nataka kukuuliza kitu, mdogo wangu. Nilipaswa kukuuliza miaka mitatu iliyopita.

Ng'ambo ya barabara mlango ulikuwa wazi, na rafu zake tupu zikionekana.

— Uliza, alisema mdogo wake.