Kitanda cha Mboga Juu ya Bwawa

Chwap, chwap, chwap. Kila usiku Mama Pacha alilala na sauti hiyo, midomo ya samaki ikitafuta hewa kwenye bwawa nyuma ya nyumba, mpaka jana usiku, kimya, kimya kabisa, na kimya hicho ndicho kilichomtoa mbio asubuhi, pacha mmoja mgongoni, mwingine kwapani, hadi kwenye benchi la kahawa la mjomba wake, walikoketi Kinyozi na Fundi Saa, maana mama mkwe alishasema: likitanda lako la mboga linaloelea limeua samaki, naenda kuling'oa.

— Wakifa wale, mjomba, sina kingine cha kulisha hawa.

— Kaa kwanza, unahema kuliko hao samaki.

— Hajafa hata mmoja, Kinyozi akadakia. Mizizi ile ni kitana. Inachana maji, uchafu unabaki kwenye meno.

— Nyie watu wa mikasi bwana! Fundi Saa akacheka. Bwana samaki, yule mtaalamu wa ufugaji, alisema mizizi inafyonza sumu ya kinyesi chao, ndiyo maana hawaji tena juu kutafuta hewa. Halafu imejaa bakteria. Samaki akiidonoa, bakteria hao wanahamia tumboni mwake.

— Wanahamia? Kinyozi akauliza.

— Wanafukuza wapangaji wa zamani.

— Bila notisi?

— Ndio hao wapya wanaomsagia chakula.

— Kumbe tumboni mwa samaki kuna mtaa mzima! Kinyozi macho yamemtoka. Una mashine ya kusaga, una mwenyekiti...

— Una vinyozi? Fundi Saa akauliza.

Mjomba alikuwa akilitazama tumbo lake mwenyewe, birika limesimama hewani.

Mama mkwe akatokea, gauni limelowa hadi kiunoni. Mama Pacha akainuka.

— Umeking'oa, mama?

— Nilinyanyua pembe moja tu. Akakaa, yeye ambaye hajawahi kukaa pale. Mizizi imening'inia kama ndevu, na samaki wote wako humo, wazima, wanadonoa, mmoja kapita katikati ya vidole vyangu wala hakuniogopa. Nikakirudisha taratibu, kama unavyomfunika mtoto.

Akawageukia wanaume.

— Nyie wajuaji, kitanda chenyewe ni cha juzijuzi tu. Samaki walijuaje kuwa uzima wao uko pale?

 

Kisha akamvuta mkwewe karibu, akamnong'oneza sikioni.

— Niliwaomba radhi. Kwa sauti. Samaki!

— Simwambii mtu mwingine, mama.