Mwanamke Asiyegeuka

Pale kwenye kona, kati ya duka la kinyozi na studio ya picha, kuna benchi ambalo wazee wa mtaa hulikalia mpaka miguu yake inalalamika. Mwenye studio ana tabia ya kuwapiga picha watu njiani bila wao kujua, kisha anabandika picha dirishani. Benchi nalo lina kazi moja tu, kuwatungia hadithi watu wasiowajua. Hadithi ikipwaya, aliyeitunga anaosha vikombe vya kahawa. Wiki hii yote vikombe vimeoshwa na Kinyozi.

Picha ya wiki hii ni ya mwanamke aliyepigwa kwa nyuma, begi begani, mguu mmoja hewani. Sura haionekani.

Dereva Mstaafu, ambaye hana habari ndogo, alianza kwa kusema kwamba huyo kaachwa na basi. Kikombe cha pili kilipofika, basi lilikuwa limemwacha makusudi, na aliyeliendesha ni mchumba wake. Fundi Cherehani akaapa kwamba begi limebeba gauni la harusi, na harusi yenyewe ndiyo anaikimbia. Kabla hajamaliza kikombe, mabwana harusi walishakuwa wawili.

— Na wewe, Kinyozi?

— Anarudi kwao. Mtu kamwita, sasa hivi anageuka.

— Yaleyale ya jana, mzee. Vikombe hivyo.

Kinyozi akaanza kukusanya vikombe. Wote walijua kwamba bintiye, kitinda mimba wake, aliondoka na begi kama lile kufuata kazi nchi za watu, na waliagana wamenuniana. Mwaka wa pili huu, simu hakuna. Kinyozi husema mtoto ndiye amtafutaye mzazi, basi, yamekwisha. Lakini mwanamke mwenye begi akipita mlangoni, mkasi husimama kichwani mwa mteja.

Siku hiyo mama mmoja mgeni alifuata picha zake za kitambulisho, akakuta studio imefungwa, akaomba nafasi benchini, akazisikia hadithi zote. Akaitazama ile picha ya dirishani kwa muda.

— Samahani, baba. Umesema kaitwa; kamwita nani?

Fundi Cherehani aligeukia birika, kumbe limebaki mashapo matupu. Kinyozi alikuwa ameshika vikombe vyote. Wiki nzima alikuwa akimgeuza mtoto wa watu, na hata siku moja hakuwahi kuweka mtu wa kumwita.

Akaviweka chini vichafu vilevile, akaingia dukani, akawapa mgongo, akapiga simu, akaiweka sikioni. Benchi zima likamtazama kwa nyuma, na hakuna aliyemtungia hadithi. Simu iliita. Ikaita tena, mpaka akadhani itakatika.

— Baba?

— Mimi hapa, mwanangu, alisema Kinyozi. Nimekuita tu.