Miaka Thelathini na Mbili ya Kulisha Amiba

Tarehe 30 Juni mwaka huu Aziza Karimu anatoka kazini, akiwa ametimiza miaka thelathini na mbili katika laboratwari yetu ya Rumonge. Amechoka, na ni haki yake kuchoka. Wenzake waliniomba niandike mimi, mama yake, kwa sababu unga wa mchele wanaolishia amiba nimeuchekecha mimi tangu mwaka wa kwanza. Nilisoma mpaka la sita tu, mtanivumilia. Lakini hakuna anayemjua Aziza kunishinda, na ndani ya dosye yake, faili lake la kazi, kuna barua moja ya lawama ambayo nataka itoke kabla yeye hajatoka.

Amiba ni vidudu ambavyo jicho halivioni. Vikiingia tumboni kwa maji machafu, mtu anahara damu. Watu wa nchi zenye bahari wanatafuta dawa yake ndani ya sponji, vile vitu laini vinavyoota kwenye mawe chini ya maji. Sisi bahari hatuna. Aziza ndiye aliyemwambia shefu Ndayisaba, mkuu wa laboratwari, kwamba hata ziwa letu lina sponji, na Cubaka, fundi wa kupiga mbizi, akaanza kuzileta, kutoka Gitaza mpaka Kabonga. Aziza anazikausha, anazisaga, anazikamua kwa alkoli, anayajaribu hayo maji yake juu ya amiba. Amejaribu sponji mia nne na kitu. Moja ya Kabonga iliwamaliza wote kwa siku mbili. Bado si dawa, mtu asiende kuchemsha sponji akanywa. Wanasema safari imebaki ndefu. Lakini aliyeiona wa kwanza ni mwanangu.

Sasa, ili ujaribu dawa lazima uwe na amiba hai, na amiba wanakula kila siku ya pili, hawajui Idi wala Jumapili. Siku ya harusi ya mdogo wake kule Nyanza-Lac, Aziza aliondoka kabla pilau haijafika. Wageni waliniuliza anakwenda wapi, nikasema anakwenda kuangalia wagonjwa wake. Wakadhani ni daktari. Sikuwasahihisha. Cubaka yeye humtania kwamba hao amiba ndio mawifi zake, hawashibi na hawasemi asante.

Nafika kwenye barua. Mwaka 2011 amiba wote walikufa ndani ya wiki moja, vichupa arobaini. Kazi ikasimama miezi saba, mpaka walipopata wengine kwa mgonjwa wa Kizuka. Aziza alimwambia shefu kwamba amekosea kupima chumvi ya maji wanamoishi. Akapewa barua ya lawama, na cheo alichokuwa akikingoja akapewa mwingine. Akasaini, akarudi kwenye mikrosikopi.

Hakukosea. Ni mimi. Niliwaonea huruma wale wadudu, kula unga mtupu miaka yote, nikatia kijiko cha chumvi ndani ya kopo la unga wao. Aziza alikuja nyumbani, akauonja ule unga, akaniangalia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, usimwambie mtu. Watakukataza kuja." Mwaka ule baba yake alikuwa ametuacha, Mungu amrehemu, na mchele ule ndio uliokuwa ukinitoa nyumbani.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa shefu nikamweleza yote. Akamwita Aziza. Mutoto huyo, macho mekundu kwa mikrosikopi, akasema, "Shefu, mama amezeeka, anachanganya mambo." Miaka kumi na nne, na bado ananikinga. Shefu akatuangalia, hakujua amwamini nani.

Ndiyo maana nimekubali kuandika. Nina miaka sabini na tisa na sijachanganya kitu. Kijiko kilikuwa cha chai, kopo lilikuwa la maziwa ya unga, la bluu, na mkono ulikuwa wangu.

Shefu, murakoze, asante sana, kwa kumtunza mwanangu kazini. Cubaka, murakoze kwa kumchekesha. Sasa ile barua itoeni, na karatasi hii muiweke mahali pake. Na wewe Aziza, usinibishie mbele ya watu. Umebeba ya kwako na ya kwangu, mgongo umechoka. Tua. Sote tunakuombea afya, siku nyingi, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu.

Mariyamu, mama yake