Hyodo Takumasa na Mkono Wake (1956–2019)

Marehemu Hyodo Takumasa alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 hapa Uwajima, mtoto wa kwanza wa mzee Yoshiharu na mama Kikue, wakulima wa machenza. Mimi, Sadae, ndiye mdogo wake pekee. Wakati wa kuchuma, yeye alisimama juu mlimani, mimi chini na kapu, akinirushia. Baba alifoka, "Likichubuka hata moja, utalala nje." Hakulala nje hata siku moja.

Alisoma hapahapa na kumaliza sekondari Machi 1974. Alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya shule, yule anayemrushia mpigaji mpira, na watazamaji walikuwa mama zetu tu. Mwaka huohuo alisajiliwa na timu ya besiboli ya kulipwa huko Hiroshima.

Tarehe 11 Juni 1977 aliingizwa uwanjani mbele ya watu elfu ishirini. Alirusha mipira kumi na miwili, na yote ikaenda nje ya shabaha. Kwa kuwa mipira minne ya nje humpa mpigaji kituo cha kwanza bure, wapigaji watatu walikipata bila kuinua gongo. Mzee mmoja jukwaani akamwita, "Mwanangu, mdakaji yuko mbele yako, si kwa jirani." Alijaribiwa tena mara mbili, yakawa yaleyale.

Timu haikumfukuza. Kuanzia 1980 hadi 2004 kazi yake ilikuwa kuwarushia wenzake mipira ya mazoezi, zaidi ya mia kila siku, kabla milango haijafunguliwa kwa watazamaji. Hapo hakukosea, na wapigaji waligombania zamu yake. Milango ikifunguliwa tu, huyo, ameondoka. Mimi ni mdadisi, sifichi. Nilimuuliza sababu kwa miaka arobaini. Mara mkanda ulimbana, mara jua, mara "muulize mkono, Sadae, mimi nilikuwepo tu." Siku moja, pombe ya sake imemkolea kidogo, alisema angetoa chochote arushe mpira mmoja ulionyooka huku watu wakitazama. Siku hiyo sikumtania.

Tarehe 14 Novemba 1982 alimwoa Mitsuyo, aliyekuwa akipika tambi kibandani pale uwanjani. Wifi anasema alimtazama akirusha kwa miaka miwili, amejibanza nyuma ya sufuria. "Angejua namtazama, ningeokota mipira ndani ya supu." Walijaliwa binti mmoja, Chihoko.

Julai 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mapema Januari nilimpelekea machenza wodini. Nilipofika mlangoni nikitoka, akaniita.

"Sadae, kinga mikono."

Wagonjwa watatu, wauguzi wawili na wifi wakageuka.

"Kaka, watu wanakuona."

"Najua."

Chenza likatua katikati ya viganja vyangu. Sikusogeza hata kidole. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani akapiga makofi.

"Sasa umewezaje?"

"Wewe maswali yako hayaishi," alisema, akafumba macho huku akicheka. Alifariki tarehe 21 Januari 2019, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Mitsuyo, binti, Chihoko, wajukuu wawili, mimi, na wapigaji wazee ninaowaona wamejaa safu za nyuma. Lile chenza sikulila. Nimeliweka jenezani, karibu na mkono wake wa kulia.

Kaka, leo tumefika zaidi ya mia mbili, na sote tunakutazama. Usiondoke mbio. Wewe na mkono wako, pumzikeni kwa amani.