Mwalimu George Lukwele na Sura Ambayo Haikuwemo

Kwanza linyooshwe neno moja, kwa kuwa limewahi kufika msibani kabla ya jeneza. Inasemwa hapa Bigwa, na katika shule moja ya mjini, kwamba Mwalimu George Lukwele alikigongea muhuri kitabu ambacho hakukisoma. Si kweli. Alikisoma. Mkewe alikuwepo, alisikia kila neno, na ndiye aliyeandika wasifu huu unaosomwa na mpwa wa marehemu, Frank.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1952 huko Bunduki, Mgeta, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Kwa desturi ya Waluguru, mwenye kauli juu yake alikuwa mjomba, naye mjomba alikuwa katekista mwenye vitabu sita ndani ya sanduku la bati. Mtoto aliruhusiwa kuazima kimoja kwa sharti la kukisoma kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, mjomba akipalilia kabichi. Akiruka mstari, jembe lilisimama.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1960 hadi 1966, sekondari mjini Morogoro hadi 1970, kisha akahitimu ualimu mwaka 1972. Alifundisha Kiswahili Turiani kwa miaka kumi na mitano, akahamishiwa Morogoro mjini mwaka 1988, na huko akastaafu 2012.

Turiani ndiko alikokutana na mwalimu wa jiografia kutoka Iringa, Margareth. Alipompeleka Bunduki kumtambulisha, mjomba aliuliza, "Huyu binti analima?"

"Anasoma, mjomba."

"Basi mtakula karatasi."

Walifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1979, na hawakulala njaa.

Kazi iliyompa jina aliianza baada ya kustaafu. Riwaya na tenzi za zamani zilikuwa zimeanza kuchapwa upya kwa bei nafuu, nyingine nzuri, nyingine za aibu: mistari imerukwa, beti zimeunganishwa, kurasa zinadondoka kama majani. Shule zikamletea azipime kabla ya kununua. Kitabu alikikunja mgongo mpaka kikalia, akakianika juani ukutani tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Gundi ikiachia, kimeshindwa. Kikivumilia, alikaa barazani akakisoma chote kwa sauti. Akiridhika, aligonga muhuri wa wino wa zambarau: KIMESOMWA CHOTE. G.L.

Said, muuza vitabu wa sokoni, hakuchoka kumtania. "Shikamoo, Mwalimu. Sasa hapo unapima kitabu au unachagua tikiti?"

"Marahaba. Tikiti likiwa bovu nitaumwa tumbo mimi. Kitabu kikiwa kibovu litaumwa darasa zima."

Septemba 2023, Mwalimu Scholastika, mkuu wa idara ya Kiswahili katika shule hiyo inayotajwa, alileta toleo la bei nafuu la riwaya ya zamani ambayo marehemu aliifundisha maisha yake yote. Aliisoma kwa alasiri tatu. Mkewe alikaa karibu naye akichambua maharage. Siku ya tatu alisoma sura ya kumi na mbili, pale mama anapomfungulia mlango mwana aliyemfukuza, naye akatoa leso kama kawaida yake. Akagonga muhuri. Shule ikanunua nakala themanini.

Februari iliyofuata Scholastika alirudi. Alisalimia vizuri, akakataa chai.

"Mwalimu, nisamehe. Kitabu kinaishia sura ya kumi na moja. Watoto wameulizwa mwisho kwenye mtihani wa mkoa, hakuna aliyejua."

"Hakiishii hapo. Lete."

Alipewa nakala ileile yenye muhuri. Akafungua mwishoni, akasoma sura ya kumi na mbili yote, bila kukwama, akigeuza kurasa. Scholastika alinyanyuka, akasimama nyuma ya bega lake. Mkewe naye akasimama. Kidole cha Mwalimu kilikuwa kikipita juu ya orodha ya vitabu vingine vya mchapishaji, na baada ya orodha, juu ya karatasi tupu. Alipomaliza alifuta macho.

"Umesikia? Imo."

Scholastika alimtazama mkewe.

Mei 2024 madaktari walisema ni ugonjwa wa kusahau. Hapo ndipo mambo yanapomchanganya aliyeishi naye miaka arobaini na mitano. Mtu aliyeanza kusahau jina la mjukuu na njia ya kutoka sokoni hakusahau hata nukta ya sura ile. Mwanawe Tumaini anasema baba alikuwa tayari mgonjwa siku ya muhuri. Binti yake Neema anasema baba alikuwa mzima, ila kitabu alikuwa nacho kichwani zaidi kuliko kilivyokuwa mkononi. Mjane akiamka anaona Tumaini kasema kweli. Ikifika jioni anaona Neema ndiye kasema kweli. Daktari alipoulizwa ugonjwa ulianza lini, alijibu kwamba hakuna ajuaye. Lakini uzembe haukuwemo, wala hila. Alisoma zaidi ya kilichochapwa.

Aliaga dunia nyumbani Bigwa, Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 72.

Ameacha mjane, Margareth, watoto wawili, Tumaini na Neema, wajukuu watano, dada yake, Martina wa Bunduki, na wapwa wengi. Bwana ampokee mtumishi wake, ampe mapumziko yasiyo na maswali.

Jana, kwenye turubai hili la msiba, wapo waliomfuata mjane kumuuliza kama vitabu vyote vyenye ule muhuri, mia tatu na zaidi katika shule za mkoa huu, visomwe tena. Mwenye mashaka na chake akisome. Familia haitakagua hata kimoja, haitamjibu mtu kwa simu wala kwa barua, na watoto wasiulizwe. Mjane amesema aliyoyaona na kuyasikia. Hasemi zaidi.