Ognyan Zlatev, Aliyekataa Kupitisha Boksi la Shemeji Yake

Anayezikwa leo, Ognyan Zlatev, alizaliwa Gabrovo tarehe 14 Machi 1968, mtoto pekee wa fundi saa. Alisoma hapo hapo hadi chuo cha ufundi, akamaliza 1992. Walimu walimsifu. Wanafunzi wenzake walimkwepa.

Alihamia Plovdiv kufanya kazi ya kupima vifaa vya sahihi: vile vidude vya kuchomeka kwenye kompyuta ambavyo mthibitishaji wa hati hutumia badala ya kalamu. Alivipima kwa programu huria ya kusomea vifaa hivyo, ambayo yeyote anaweza kuisoma ndani. Alikosea nambari ya siri makusudi mpaka kifaa kijifunge, akakichomoa katikati ya kazi, akarudia. Aliposema "kimefaulu", wanunuzi hawakuuliza tena.

Mwaka 1995 alimwoa Velina. Kwa desturi, bwana na bibi harusi huvuta mkate, na mwenye kipande kikubwa hutawala nyumba. Velina alishinda. "Mara moja si jaribio," Ognyan alisema, wakaletewa mwingine, na mwingine. Alishindwa yote, akatii.

Masika ya 2017, Dobrin, kaka yake Velina, alimletea boksi la vifaa kutoka nje. Mtaji wote wa duka lake ulikuwa ndani ya boksi lile. Programu ilivitambua, vikatia sahihi, Dobrin akaanza kuvaa koti. Ognyan akamwambia asubiri. Kila kifaa hupaswa kujitengenezea ufunguo wake wa siri, usiofanana na mwingine. Akatia sahihi kwa kifaa kimoja, akaihakiki kwa ufunguo wa kingine. Programu ikakubali. Maana yake, ufunguo ulikuwa mmoja: mwenye kimoja angeweza kuuza shamba la mwenye kingine.

"Shemeji, wateja hawayajui hayo," Dobrin alisema.

"Ndiyo maana wananiuliza mimi."

"Andika tu vinafanya kazi. Si umeona vimefanya?"

"Beba boksi lako, mwizi."

"Mwizi mimi? Umekula mezani kwangu miaka yote!"

"Na supu yenyewe haina chumvi."

"Nyie, shusheni sauti, majirani wanasikia!" Velina alipiga kelele kuliko wote.

Ognyan aliweka matokeo hadharani, kila mtu ayasome. Wanunuzi wakakimbia, duka likafungwa. Pasaka sita mashemeji hao hawakugonganisha mayai kama ilivyo desturi ya sikukuu.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Velina alimwamuru kaka yake aende hospitali.

"Futa ile taarifa, yaishe," Dobrin alisema.

"Lete boksi nipime upya. Vikifaulu nafuta."

"Mtengenezaji kashavikusanya, kavisaga. Kakiri kosa."

"Sasa umekuja kupatana au kupunguziwa lawama?"

"Vyote."

Ognyan alicheka mpaka muuguzi akaja. "Neno mwizi nalifuta," alisema. "Mwizi hujua anachokiuza. Taarifa siigusi."

Dobrin alitoka bila kuaga. Ognyan alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023.

Ameacha mke, Velina, binti, Kalina, na shemeji, Dobrin, ambaye sasa ni mwajiriwa katika duka la mtu mwingine. Kuhusu boksi lile marehemu alikuwa sahihi, na hilo ndilo Dobrin hajamsamehe.

Amani ambayo shemeji yake hakumpa akiwa hai, Mungu ampe.